Jinsi Tulivyouvua Mlango wa Motokari ya Baba

Ziko kazi ambazo mafundi wengi hawazihesabu kuwa kazi. Kufungua injini, hiyo ni kazi. Kubadili breki, hiyo nayo ni kazi, na mtu hulipwa. Lakini kukivua kile kibao kinachofunika mlango upande wa ndani, kile ambacho abiria huegemeza goti lake, wao huona ni jambo la kupita tu. Huingiza bisibisi, huvuta kwa nguvu, sauti ya “ka!” husikika, na kibao kimetoka. Kimetoka, naam, lakini kama jino lililong'olewa pamoja na kipande cha taya.

Twayasema haya kwa sababu tunayo nyumbani motokari ya zamani, nayo ilikuwa na vibao viwili vya milango. Kimoja kiliharibiwa zamani katika garaji moja ya mji wetu, ambayo hatutaitaja. Kilipelekwa kizima kikarudi kimepasuka pembe tatu, nacho kikashikizwa kwa skrubu za mbao zilizotobolewa mbele, juu ya ngozi, machoni pa watu wote. Kilibaki kimoja. Basi ilipotubidi kukivua hicho kimoja, hatukulala vema usiku ule.

Motokari yenyewe ni Volkswagen ndogo, ile yenye mgongo wa mviringo, ambayo wasemao Kifaransa huiita Coccinelle, kwa jina la yule mdudu mwekundu mwenye madoadoa meusi. Ilitengenezwa mwaka 1970. Marehemu baba yetu aliinunua mjini Bukavu mwaka 1974, mkononi mwa mwalimu mwenzake aliyekuwa akihama. Wakati ule zilikuwa nyingi katika nchi. Wabelgiji walianza kuziingiza kwao mwaka 1948 kwa mkono wa kampuni ya D'Ieteren, na tangu mwaka 1954 kampuni hiyo ilikuwa ikiziunganisha yenyewe katika kiwanda chake cha Bruxelles. Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa hewa, haidai maji hata kidogo. Mtu aliyepanda milima yetu na ndoo ya maji katika kiti cha nyuma, akisimama kila kilomita 10 kuinywesha motokari ya namna nyingine, anajua faida ya jambo hilo. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, katika nchi ya Mexico, tarehe 30 Julai 2003.

Msomaji atauliza: kama zilikuwa milioni 21, kwa nini kuhangaikia kibao kimoja? Tumeulizwa swali hilo na watu wa nyumbani mwetu kabla yako, ndugu msomaji. Tutajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la mwaka 1996. Vita vilipoingia Bukavu mwezi wa Oktoba, motokari nyingi za mji zilichukuliwa, na wenyewe hawakuziona tena. Baba alivua magurudumu yote manne, akaikalisha motokari juu ya matofali, akaondoa kifaa kimoja kidogo cha umeme wa injini, akakizika ndani ya pipa la maharagwe. Akaipaka vumbi na majivu. Waliokuja waliitazama, wakaona mzoga, wakaenda zao. Sisi tulikuwa mtoto mdogo, lakini twakumbuka kwamba maharagwe ya mwezi ule yalinukia mafuta ya mashine, wala hakuna aliyenung'unika.

La pili ni dogo zaidi. Katika kibao cha upande wa dereva, karibu na ukingo wa juu, ngozi imesuguliwa ikawa laini na nyeusi kuliko mahali pengine pote. Ni mahali ulipokaa mkono wa baba kwa miaka zaidi ya thelathini, kila alipoegemea dirisha akielekea shuleni. Vibao vipya vya Volkswagen vyauzwa hata leo huko Ulaya, wala si vibaya. Vyaja safi, vyeusi, vyenye harufu ya duka. Lakini doa lile haliuzwi.

Katika masika yaliyotangulia kiangazi cha mwaka 2023, kioo cha mlango huo kilikwama katikati. Mvua ya Bukavu haiombi ruhusa, iliingia. Kisha tukaona kibao kinaanza kuvimba chini, na mlango, ulipofungwa, ulitoa sauti ya maji yanayocheza ndani yake kama kibuyu. Chini ya mlango, upande wa nje, rangi ilikuwa imeinuka kwa malengelenge ya kutu. Baba mdogo alikuja siku ya Jumapili, akauzunguka mlango, akaubonyeza kwa kidole, akasema:

“Mwanangu, kaka yangu alikuwa mtu wa maana, lakini chuma ni chuma. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila wiki. Uza kabla kutu haijala hata kile kidogo utakacholipwa.”

Maneno yake hayakuwa ya upumbavu. Mlango wa motokari huoza kutoka ndani kwenda nje. Mtu akiona shimo nje, ndani hakuna tena mlango. Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili tu: kukivua kibao na kuukausha mlango, au kuuacha uoze. Na tukikivua vibaya, tungekuwa tumeuokoa mlango tukapoteza kile tulichotaka kukiokoa. Mama alisikiliza yote, akasema neno moja: “Fungua, lakini usinivunjie.”

Hapa yafaa kueleza kibao hiki ni kitu gani, maana wengi hukivunja kwa kutojua. Si ubao uliokatwa kwa msumeno. Ni nyuzi za mti zilizopondwa, kisha zikabanwa kwa moto na kwa nguvu nyingi mpaka zikashikamana zenyewe, kwa ute ulio ndani ya mti wenyewe. Mmarekani William H. Mason ndiye aliyeipata njia hiyo mwaka 1924, huko Laurel katika jimbo la Mississippi, akitafuta la kufanya na mabaki ya viwanda vya mbao. Unene wa kibao ni milimita 3 hivi. Kikiwa kikavu ni kigumu, tena chepesi. Kikilowa, nyuzi huvimba, na zikivimba hazirudi zote mahali pake. Ukikishika pembeni kikiwa na maji, chakatika kama mkate wa jana uliochovywa katika chai.

Juu yake imetandikwa ngozi bandia ya plastiki, nayo imekunjwa pembeni na kubandikwa kwa gundi upande wa nyuma. Ngozi hii ilipokuwa mpya ilitiwa mafuta ya kuilainisha. Miaka ikipita, mafuta hayo hutoka kidogo kidogo (ndiyo ule utando unaopaka vioo kwa ndani katika motokari zinazokaa juani), na ngozi hubaki kavu, ngumu, yenye kinyongo. Asubuhi ya Bukavu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ngozi ya namna hiyo hupasuka kabla hujamaliza kuikunja.

Tena kibao hakina skrubu pembeni. Kimeshikwa kwa vibanio vya chuma cha springi, vimepangwa kuzunguka ukingo wote. Kila kibanio kina kichwa kipana na miguu miwili iliyobinuka. Kichwa huteleza ndani ya tundu lililokatwa katika kibao, tundu lisiloonekana mbele kwa sababu ngozi imelifunika. Miguu husukumwa katika shimo la mlango, hujibana, kisha hutanuka na kushika. Sasa mtu akivuta kibao mbali na kibanio, nguvu yote yapita katika ule ubao mwembamba ulio kandokando ya tundu. Nao ndio dhaifu kuliko vyote. Kibanio hubaki mlangoni kinatabasamu, na tundu limeraruka.

Basi tukaitaka kwanza silaha inayofaa. Bisibisi, ile ambayo mafundi wetu wengi huiita turnevisi, ni chembamba mno. Nguvu yake yakusanyika mahali padogo, huchimba rangi upande mmoja na kutoboa kibao upande wa pili. Yatakiwa kitu kipana, chembamba mwisho, kisicho kigumu kuliko rangi. Katika nchi nyingine huuzwa vipande vya plastiki vilivyofanywa kwa kazi hii hii. Sisi tulimwomba Mama mwiko wake wa zamani wa ugali, ule uliokwisha kuungua ukingoni. Seremala wa mtaa aliuranda mpaka ncha yake ikawa nyembamba kama ulimi, akausugua kwa msasa, akauliza kama tunafungua duka la miiko. Tulijitengenezea miwili, kwa maana mara nyingi yafaa kushika pande zote mbili za kibanio.

Halafu tukangoja jua. Jambo hili twalihesabu kuwa nusu ya kazi. Ilikuwa mwezi wa Julai, kiangazi, asubuhi yenye ubaridi na ukungu juu ya ziwa. Vijana wawili wa jirani waliokuja kusaidia walitaka kuanza mara moja, maana vijana hupenda kazi saa moja asubuhi na huichoka saa nne. Tuliuacha mlango wazi ukielekea jua mpaka saa sita, na pale palipobaki baridi tukaweka vitambaa vilivyochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa sana. Ngozi ikiwa na joto la mkono wa mtu, hapo yakubali kuinama.

Kabla ya kugusa kibao chenyewe, ni lazima kuondoa kila kitu kilichopita juu yake. Hapa ndipo vibao vingi vinapofia, kwa sababu mtu huvuta akidhani kibanio kimekataa, kumbe iko skrubu moja iliyojificha. Katika Volkswagen ya mwaka 1970, mkono wa kupandishia kioo una kifuniko cha plastiki. Ukikiinua kwa ukucha, waiona skrubu chini yake. Katika Volkswagen za zamani zaidi, za miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, hakuna skrubu pale. Yakubidi kulisukuma kwa ndani lile duara lililo nyuma ya mkono, ndipo waona pini ndogo inayopita katikati ya mhimili, nawe waitoa kwa msumari usio na ncha. Mtu asiyejua tofauti hiyo huzungusha na kupiga mpaka avunje kitu. Kishikio cha kufungulia mlango kimekaa ndani ya kikombe cha plastiki, nacho pia kina skrubu yake, imefunikwa. Pa kuegemeza mkono pana skrubu zake zinazoingia kutoka chini, pasipoonekana mpaka upige magoti.

Katika motokari nyingi za Marekani mkono wa kioo hushikwa kwa kipande cha waya wa springi chenye umbo la kwato ya farasi, kimejificha nyuma kabisa. Tulipata kuona hila moja nzuri kwa ajili yake: huchukuliwa kitambaa chembamba, huingizwa kati ya mkono na kibao, kisha huvutwa huku na huku kama anayesugua kiatu. Kitambaa huinasa ile springi na kuitoa. Lakini huruka! Heri mtu atundike shuka karibu, la sivyo ataitafuta majanini mpaka jioni.

Kila skrubu tuliyoitoa tuliitia katika trei ya mayai, shimo moja kwa kitu kimoja, na katika kila shimo kikaratasi chenye jina. Tena tulipiga picha kwa simu. Hilo wazee wetu hawakuwa nalo, nasi twakiri kwamba ni msaada mkubwa kuliko kumbukumbu.

Basi tukaanza chini, katika pembe ya nyuma. Chini ni bora kwa sababu alama ikitokea haionekani sana, na nyuma ni bora kwa sababu mlango ukiwa wazi mkono wafika. Ulimi wa mwiko lazima uingie nyuma ya vyote viwili, kibao na ule mkunjo wa ngozi. Ukiingia kati ya ngozi na ubao, umeichuna motokari kama mbuzi. Tulibandika karatasi ya gundi juu ya rangi ya mlango ili isikwaruzwe. Kisha tukauteleza mwiko polepole ukingoni mpaka ukagonga kitu kigumu. Hicho ndicho kibanio. Hapo tukabandika kipande kidogo cha karatasi mbele, kuwa alama. Tulizunguka hivyo kibao chote kabla ya kuvuta hata kimoja, na baada ya robo saa mlango ulikuwa na madoadoa kama yule mdudu aliyeipa motokari jina lake.

Kwa kila kibanio, miiko miwili huwekwa kushoto na kulia kwake, karibu kabisa, halafu hugeuzwa pamoja kidogo kidogo. Mkono hausikii upinzani wa ghafula. Wausikia mguu wa springi ukikubali, kisha “tu”, sauti fupi, laini. Tulijifunza kuipenda sauti ile. Kibanio cha nne kilikataa. Kilikuwa kimeota kutu ndani ya shimo lake. Mmoja wa vijana akasema, “Mwalimu, nivute?” Tukamwambia aende akanywe maji. Tulitia matone mawili ya mafuta mepesi kwa unyoya wa kuku, tukaendelea na vingine, tukakirudia mwisho. Kilitoka kwa shida, lakini kilitoka pamoja na kibao chake. Hivyo ndivyo ifaavyo kufanya na kibanio kikaidi. Na kikizidi kukataa, ni afadhali kukikata shingo kwa upande wa mlango na kupoteza kibanio kuliko kupoteza tundu, maana kibanio hununuliwa.

Tuongeze neno kwa ajili ya motokari za namna nyingine: ziko ambazo ukingo wa juu wa kibao umening'inia juu ya mlango kama nguo juu ya kamba. Hizo, vibanio vikiisha kutoka chini na pembeni, yakupasa kukiinua kibao juu, si kukivuta kwako. Atakayesahau hilo atavunja mgongo wa kibao mwishoni, alipokwisha kufurahi.

Kilipotoka, tulikishika watu wawili, kwa pande zote mbili, kwa kuwa ukingo wa chini ulikuwa laini kwa maji. Tulikilaza juu ya mbao mbili, ngozi ikitazama chini juu ya blanketi.

Nyuma ya kibao iko karatasi nyingine. Wengi wakiiona huitupa, wakisema ni takataka za kiwandani. Hapa twaomba msomaji atulie, kwa maana hapa ndipo ilipo siri ya mlango wa motokari. Mlango haukufanywa kuzuia mvua isiingie. Maji huteremka juu ya kioo, hupita kando ya ule mpira wa dirisha, huingia ndani ya mlango, hushuka mpaka chini, na hutoka kwa matundu madogo yaliyowekwa katika sakafu ya mlango kwa kusudi hilo. Kila mlango hufanya hivyo, hata wa motokari ya tajiri. Kati ya maji hayo na kibao kipo kizuizi kimoja tu, nacho ni ile karatasi yenye lami au ya plastiki iliyobandikwa juu ya mashimo ya mlango. Tena ncha yake ya chini yapaswa kuingizwa ndani, ili tone linalotambaa juu yake lirudi katika mlango. Karatasi ikiraruka, au ncha yake ikitoka nje, kila mvua hukinywesha kibao. Watu husema, “Kibao hiki kimeoza kwa uzee.” Sivyo. Kimeoza kwa kiu iliyozidi kupozwa.

Karatasi yetu ilikuwa imebanduka chini yote, na juu bado imeshika sana kwa gundi nyeusi. Hatukuivuta. Tulichukua uzi wa nailoni, wa wale wavuvi wa ziwa Kivu, tukaupitisha nyuma yake na kuukata utomvu ule kama mtu akatavyo sabuni kwa waya. Ilitoka nzima, ikatupa kipimo cha kukatia mpya.

Tulipomulika ndani ya mlango kwa tochi, maji yalikuwa kimo cha vidole viwili. Matundu ya chini yalizibwa na majani yaliyooza, udongo mwekundu, na kipande cha mpira. Juu ya tundu moja, imelilalia barabara kama kifuniko kilichotengenezwa kwa ajili yake, tuliikuta sarafu ya likuta 1 ya mwaka 1967, ya alumini, nyepesi kama jani. Ni fedha ya wakati ule zaire ilipoanza, makuta 100 kwa zaire moja. Hatujui iliangukia pale siku gani. Labda baba alikuwa akimlipa mwuza karanga dirishani, ikateleza katika ufa wa kioo, naye akacheka na kutafuta nyingine. Tuliyazibua matundu kwa kijiti, maji meusi yakamiminika juu ya viatu vyetu, na vijana wakashangilia kama waliochimba kisima.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya siku nyingi lakini si ya maneno mengi. Kutu ilisuguliwa kwa brashi ya waya, ndani ya mlango kadiri mkono ulivyofika. Heri kuvaa glavu, maana kingo za bati zile hukata kuliko wembe. Tulipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Chuma kilikuwa bado kizima isipokuwa mahali pamoja, pa upana wa kidole gumba, ambapo fundi wa kuchomelea aliweka kiraka. Na kioo? Hakikuvunjika kitu. Grisi ya zamani katika njia yake ilikuwa imekauka ikageuka kuwa gundi. Tuliitoa kwa mafuta ya taa, tukatia mpya, na kioo kikapanda.

Kibao chenyewe kilitudai subira zaidi. Hatukukianika juani, kwa sababu jua hukausha upande mmoja haraka, na ubao hujikunja kama ukindu. Kilikaa kivulini siku 4, kimebanwa kati ya mbao mbili zilizonyooka, na mawe juu yake, na kila asubuhi kiligeuzwa kipate hewa. Unene wa chini haukurudi wote, lakini kilinyooka. Matundu mawili yaliyokuwa yameanza kulegea tuliyanywesha gundi ya seremala iliyochanganywa na maji kidogo, na nyuma yake tukabandika vipande vya turubai nyembamba. Kisha tukaupaka vernishi ubao wote wa nyuma, na ukingo wake hasa, maana huko ndiko maji yanakoingilia. Upande wa mbele hatukufanya lolote ila kupangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Kijana mmoja alitaka kulisugua doa lile jeusi litoke. Mama alikuwa amesimama nyuma yake.

“Hapo acha,” akasema.

Tulibandika karatasi mpya ya plastiki ngumu, tuliyonunua kwa mita katika soko la Kadutu, na ncha yake ya chini tukaiingiza ndani. Kurudisha kibao ni kazi rahisi kama mtu ana macho: kila kibanio kitazame shimo lake kabla ya kusukumwa, naye asukume kwa kiganja, si kwa nyundo, akianzia kimoja na kumfuata jirani yake. Kibanio kisichokubali kwa kiganja hakitazami shimo. Ukikipiga, utakiinamisha, na ukikiinamisha utakuwa umejiandalia kazi ya kukivua tena. Mkono wa kioo tuliurudisha baada ya kupandisha kioo mpaka juu, ukitazama upande ule ule kama mwenzake wa mlango wa pili.

Kabla ya kukirudisha, tulifanya jambo moja ambalo tulikuwa tumelifikiria tangu mwanzo. Vibao vya milango miwili ya Volkswagen ni kama mikono miwili ya mtu: umbo ni lile lile, limegeuzwa. Tulikilaza kibao kilichopona juu ya karatasi kubwa, tukauchora ukingo wake wote, na kila tundu la kibanio, na tundu la mkono wa kioo. Karatasi hiyo, ikigeuzwa, ndiyo kipimo cha kibao cha upande wa abiria, kile kilichopasuliwa garajini. Seremala wa miiko amekwisha kukata ubao mpya kwa kipimo hicho, naye alikataa malipo ya nusu siku akisema amefundishwa kitu. Ngozi ya rangi ile hatujaipata. Fundi viatu mmoja ametuahidi. Vibanio 4 vimepungua, na dereva mmoja wa lori aendaye Kampala ana mfano wa kimoja mfukoni mwake.

Baba mdogo alipokuja tena, alipandisha kioo na kukishusha mara tatu bila kusema neno, akauliza kama tunaweza kuutazama mlango wa motokari yake pia. Ile sarafu ya likuta Mama ameiweka katika kopo lake la vifungo.